Gauni la Studio

Alfajiri, Rau, mtaa bado umelowa umande,
napuliza mkaa ndani ya pasi
yenye jogoo mdogo wa shaba kwenye komeo lake.
Pasi ya umeme ipo kabatini, nzima, na luku ina uniti.
Nasema mapema, usije ukanihurumia.

Nimechagua.
Nimechagua kitambaa cha kufuma mgongoni mwa kila kiti,
sahani za bati zenye ukingo wa buluu,
cherehani ya miguu, redio ya mbao
inayochukua dakika nzima kupata sauti,
kama mtu anayekumbuka jina.
Na aproni, ndiyo, aproni,
niliyoishona kwa pazia la mtumba la Memorial.

Majirani wamegawanyika.
Mama Ndelilio anasema nimefilisika.
Mwanawe anasema hapana, hiyo ni pesa inacheza,
maskini haigizi dhiki.
Wote wawili hununua mkate wangu.

Mume wangu, Elinami, hufua soksi zake mwenyewe.
Hilo si la zamani, nimeliongeza mimi,
pamoja na akaunti ya benki yenye jina moja.
Anayerudi kwenye nyumba ya kale
aende na kufuli lake.

Chanzo cha yote ni picha.
Bibi Nsianaeli, 1963, mwaka kahawa yao ilipolipa:
gauni la madoadoa, mkanda kiunoni,
vidole vimegusa meza yenye maua,
anaitazama kamera
kama mwenye nyumba anayejua sukari ilipo.
Kwenye picha hiyo nilikatia patani.
Kwenye kiuno kile nilijifunza kusimama jikoni.

Jumamosi mama akashuka kutoka Kibosho
na kapu la mshare,
akasimama mlangoni, akanusa. Mkaa.
Hakusalimia. Alikunja mkono wa sweta
akanionyesha kovu, dogo, linalong'aa,
lenye umbo la ncha ya pasi.
"Nilikuwa na miaka tisa.
Shati la kaka yangu, la kipaimara."
Sikuwa na jibu. Nikamvutia kiti.
Akakaa ukingoni, asikikunje kitambaa.

Ndipo akaiona picha ukutani.
Akacheka mpaka akashika meza.
"Hili gauni? Hili lilikuwa la studio!
Lilining'inia kwenye msumari nyuma ya pazia,
saizi moja kwa wote,
mgongoni limebanwa na vibanio vya kuanikia nguo.
Nusu ya wanawake wa Kibosho walipigwa nalo.
Na hayo maua ni ya karatasi.
Mimi ndiye niliyemshikia kanga zake.
Alivaa, akavua,
tukapanda mlima pekupeku na mzigo wa chumvi."

Nikaisogelea picha.
Vibanio havionekani.
Ila ukishajua, tazama mabega:
anajizuia kupumua.

Kumbe nyumba nzima hii, vitambaa, bati, asubuhi zangu zote,
nimeijenga juu ya dakika moja ya kukodi.

Mama alikuwa ameshainuka.
"Lete jani la mgomba. Unaipitisha kavu,
ndiyo maana inanata."
Akaipitisha pasi juu ya jani, ikachirizika,
harufu mbichi, tamu, ikajaa chumba.
Akaanza na kola. Mkono wenye kovu
haukutetemeka hata kidogo.

"Alilipenda," akasema, macho kwenye nguo.
"Njia nzima alilitaja.
Si rangi. Si mkanda. Vifungo.
Alikuwa amevihesabu."

"Vingapi?"

"Tisa."

Langu lina saba.
Jumatatu nitateremka Double Road, duka hadi duka,
kutafuta viwili vinavyofanana.